Pakiti ya kudarizi mbawakawa: nyuzi safi, maelekezo ya kurekebisha

Nimeipa nyota nne, na nne zote ni za nyuzi. Ni za pamba, rangi tano, hazitoki manyoya, na hata nyekundu haikuchuja kwenye maji baridi. Ndani kuna pia kitambaa cheupe kilichochapwa mchoro, fremu ya duara ya sentimita 13, sindano mbili na kipande cha uzi wa kung'aa. Fremu haishiki vizuri. Nimezungushia utepe wa pamba duara la ndani ndipo kitambaa kikakaza.

Nyota ya tano imepotelea kwenye karatasi ya maelekezo. Inakuambia ujaze mgongo mzima kwa mshono wa kujaza (mishono iliyolazwa sambamba, ikigusana), ukingo hadi ukingo, karibu sentimita 1.6. Mshono mrefu hivyo hulegea, na pete au kucha ikipita tu, umenaswa. Mbawakawa ana mabawa mawili magumu yanayokutana katikati ya mgongo, basi utumie mstari huo. Jaza kila bawa peke yake, mishono ikianzia mstari wa kati na kushuka mshazari kuelekea ukingo, upande wa pili ukiwa kinyume chake. Rangi ni ileile, lakini mwanga ukipiga, bawa moja linang'aa na jingine linapoa. Ule mng'ao wa gamba unatoka hapo, wala si kwenye uzi wa kung'aa.

Kabla ya kujaza, zungushia ukingo mshono wa nyuma (kila mshono unarudi hadi mwisho wa uliotangulia) mdogo mdogo kwa mmoja wa nyuzi ndogo sita zinazounda uzi, kisha mishono ya kujaza ipite juu yake. Bila hivyo ukingo unatoka na meno. Anzia katikati ya bawa, si kwenye ncha, maana ukianzia nchani mshazari hubadilika kidogo kidogo hadi mishono inalala.

Uzi una nyuzi ndogo sita. Tumia mbili, urefu wa sentimita 45 hivi. Zichomoe moja moja ndipo uziunganishe. Ukizivuta mbili kwa pamoja zinajifunga. Zikianza kujisokota, geuza fremu, acha sindano ining'inie ijizungushe yenyewe. Uzi wa kung'aa ukate mfupi zaidi, sentimita 30, kwa sababu huchakaa kwenye tundu la sindano.

Karatasi inaweka miguu mwisho. Sikubaliani kabisa. Ishone mwanzo, kwa mshono wa shina (mishono inayopandana kidogo kama kamba), na uingize mizizi yake milimita mbili ndani ya mchoro wa mwili ili mabawa yaifunike. Ukiichelewesha, sindano inachokonoa mishono iliyokwisha kulala na kuifungua. Usiruke na uzi mweusi kwa nyuma kutoka mguu hadi mguu. Kitambaa ni chepesi, utaonekana.

Vipapasio ni uzi mdogo mmoja tu, na kwenye kona fupisha mishono. Macho ni ya fundo: zungusha uzi mara mbili kwenye sindano, kisha uichome kando ya tundu ilikotokea. Ukirudi tundu lilelile, fundo linazama upande wa pili.

Wino wa mchoro unatoka kwa maji, jambo ambalo karatasi haikulitaja. Loweka kwanza, halafu piga pasi kwa nyuma juu ya taulo. Ukitanguliza pasi, joto linaweza kuugandisha wino usitoke tena.