Kioo cha redio ya Fielder yangu kimetengenezwa Kibuye: uzoefu wangu

Kama redio ya gari lako bado inatoa sauti safi lakini kioo chake hakisomeki, usikubali kuuziwa redio mpya kabla mtu hajaifungua hiyo uliyo nayo. Nawaambia hivi wenye magari wa Kisumu kwa sababu yangu imetengenezwa, na sasa namba zinasomeka hata gari likitoka kwenye jua la saa nane mchana.

Gari ni Toyota Fielder, redio ni ile iliyokuja nayo kutoka Japani. Ugonjwa ulianza polepole. Asubuhi nikielekea kazini Maseno kila kitu kilikuwa sawa. Mchana, gari likishaanikwa juani uwanjani, vipande vya tarakimu vilianza kupotea. Nane ikawa sita, mara ikawa tatu, na saa ikawa haisomeki kabisa. Nikifinya ukingo wa kioo kwa kidole gumba namba zinarudi, nikiachilia zinaondoka. Baadaye taa ya ndani nayo ikafa upande mmoja, na usiku nikawa natafuta stesheni kwa kubahatisha.

Kuna wanaosema redio ni ya kusikiliza, kioo cha nini? Kwa magari yetu haya kioo ni muhimu sana. Redio za Japani zilitengenezewa FM ya kwao, ambayo kwa miaka mingi ilianzia megahezi 76 na kuishia 90, ilhali huku kwetu stesheni zinaanzia 87.5 hadi 108. Ndiyo maana hufungwa kifaa kidogo kiitwacho ekspanda kwenye waya wa antena, ishushe masafa hadi pale redio inapoweza kuyapata. Yangu hushusha kwa 12, kwa hivyo stesheni ya 100.5 naitafuta kwenye 88.5. Sasa kipande kimoja tu cha nane ya pili kikipotea, unasoma 86.5, na hesabu yote imeharibika.

Nilianzia duka moja la vifaa vya magari mjini. Kijana wa hapo alichungulia kupitia dirisha la gari akasema, "Hii kioo imekufa, madam. Haitengenezwangi." Papo hapo akanitajia redio ya Android ya shilingi 18,000 pamoja na kufungiwa. Hakugusa hata skrubu moja. Jambo hilo liliniudhi, na bado linaniudhi, kwa sababu spika, vitufe na CD vyote vilikuwa vinafanya kazi, na yeye alitaka vyote viende jalalani.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenielekeza kwa fundi wa redio upande wa Kibuye. Nilipomweleza habari ya kidole gumba alitabasamu. "Kama inarudi ukifinya, mwalimu, basi kioo ni kizima. Shida ni kontakti."

Kabla ya kugusa betri aliniuliza kama redio ina kodi, yaani namba ya siri ya kuifungulia, maana baadhi ya redio za Japani, hasa zenye ramani, hujifunga betri ikichomolewa. Yangu ni ya kawaida. Akatoa waya wa negativu, akabandua fremu ya dashibodi kwa kipande cha plastiki badala ya bisibisi, ndiyo sababu hakuna mkwaruzo hata mmoja, kisha akafungua bolti kwa spana namba kumi.

Mezani nilikaa karibu naye nikitazama. Kati ya kioo na bodi kuna kiraba chembamba, kama uzi wa kiatu, chenye mistari midogo sana inayopitisha umeme. Hakuna lehemu pale. Kiraba kinabanwa tu na fremu ya bati, na mistari hiyo ndiyo inayopeleka umeme kwenye vipande vya tarakimu. Fremu ilikuwa imelegea, na vumbi limeingia. Alipangusa kiraba, ukingo wa kioo na bodi kwa spiriti, akaviacha vikauke, akarudisha na kukaza masikio ya fremu moja baada ya jingine kwa koleo ndogo. Alipowasha, namba zote zilitokea, kali na nyeusi, bila mtu kufinya popote.

Taa ya ndani ilikuwa balbu ndogo iliyoungua. Aliweka LED pande zote mbili, kila moja na rezista yake ya kupunguza umeme, akanieleza kwamba injini ikiunguruma umeme wa gari hupanda hadi karibu volti 14 na LED bila rezista haidumu. Alijaribu redio injini ikiwa inanguruma kabla ya kurudisha fremu. Hapo ndipo nilipomwamini kabisa.

Nililipa shilingi 2,500 kwa M-Pesa. Yasiyonifurahisha yapo. Mwanga wa zamani ulikuwa wa rangi ya chungwa na haukuchosha macho, huu wa sasa ni mweupe na katikati kuna kiza kidogo. Alisema kazi ni ya saa moja, ikala karibu alasiri nzima, kwa kuwa wateja wa kutengenezewa simu walikuwa wanaingia na yeye hamkatai mtu. Risiti hana, ilibidi nimwombe aandike kwenye karatasi alichobadilisha.

Kama kioo chako kina ufa, au kuna doa jeusi kama wino linalozidi kutambaa, kusafisha hakutasaidia. Hapo kinahitajika kioo cha redio nyingine ya aina hiyo hiyo iliyokwisha kufa, na fundi atakwambia hivyo mapema. Lakini dalili zikiwa kama zangu, namba kupotea gari likipata joto na kurudi kioo kikifinywa, hiyo kazi inafanyika. Nenda asubuhi siku ya kazi. Jumapili soko la Kibuye hufurika na hutapata pa kuegesha.