Uzoefu Wangu wa Kubadilisha Skrini ya Kompyuta Mpakato Inayogeuka Kishikwambi

Kompyuta yangu ya inchi 14 ni ya aina ile ambayo skrini yake huzunguka nyuzi 360 hadi ikalala nyuma ya kibodi. Kioo kilipopasuka kwenye kona, picha ilibaki safi, ila upande mmoja haukuhisi tena kidole na programu zikawa zinajifungua zenyewe. Ilinibidi kuuzima mguso katika mipangilio ili niweze kufanya kazi kwa kipanya, na kishikwambi kisichoguswa hakina maana.

Wauzaji wengi huuza kioo cha juu peke yake kwa bei nafuu, lakini sikukitaka. Katika mashine nyingi za namna hii, kioo, tabaka la mguso na paneli ya picha vimegandishwa pamoja kwa gundi angavu isiyoacha nafasi ya hewa, na kuvitenganisha kunahitaji joto, waya mwembamba na mahali pasipo na vumbi, huku paneli nzima ikiwa hatarini kupasuka. Nilinunua skrini kamili iliyokwisha kuunganishwa pamoja na fremu yake, na bado naona huo ndio ununuzi wenye busara.

Kuipata inayolingana ndiko kulikohitaji umakini zaidi. Jina la modeli halitoshi, kwa kuwa modeli moja yaweza kutoka kiwandani ikiwa na paneli za watengenezaji tofauti, nyingine zenye soketi ya pini 30 na nyingine ya pini 40. Kwa hiyo nilitafuta kwa namba ya kipuri iliyobandikwa mgongoni mwa skrini ya zamani. Anayetumia kalamu aulize jambo moja zaidi. Kalamu zisizo na betri, zinazotumia teknolojia ya kampuni ya Wacom iitwayo EMR (kalamu hupata nguvu kutoka uga wa sumaku wa skrini), husomwa na karatasi maalumu ya saketi iliyolazwa nyuma ya paneli, na skrini isiyo nayo itahisi kidole vizuri huku kalamu ikiwa kama kijiti tu. Niliyoinunua ilikuja nayo.

Kazi ya kufunga haikuwa ngumu kwa mtu aliyezoea bisibisi ndogo. Betri huchomolewa kwanza, kabla ya kugusa kebo ya skrini, kwa sababu kebo hiyo hupitisha pia umeme wa taa ya nyuma, na pini zikigusana fyuzi yake huungua. Kebo yenyewe hupita ndani ya bawaba na hukunjwa kila skrini inapozungushwa, kwa hiyo niliirudisha katika njia yake ileile, ikiwa imelegea kidogo. Kabla ya kubandika chochote niliiwasha kompyuta, nikakagua skrini kwa rangi nyeupe tupu kisha nyeusi, nikaizungusha polepole hadi mwisho nikitazama kama picha itatetereka. Haikutetereka.

Mguso sasa unafika hadi ukingoni na mwanga umesambaa sawasawa. Rangi nyeupe imeelekea unjano kidogo kuliko ilivyokuwa, jambo ambalo mhariri wa picha hatalipenda, ingawa kwa maandishi mimi naliona kuwa nafuu ya macho. Malalamiko yangu ni mawili. La kwanza, ubao mdogo wenye kihisi kinachogeuza picha pale mashine inapogeuzwa haukuwemo, na maelezo ya bidhaa hayakulitaja hilo. Niliuhamisha kutoka skrini ya zamani, lakini ambaye wake umevunjika angekwama. La pili, utepe wa gundi uliokuja na skrini ni dhaifu: ukingo wa chini ulianza kuachia kila niliposimamisha mashine kama hema, hadi nilipoubandua na kuweka mwingine ulio bora. Naipa nyota nne kati ya tano.