Msimu mzima wa MotoGP gerejini Mikunguni: uzoefu wangu

Kwa miaka nilikuwa natazama MotoGP, mbio za pikipiki za ubingwa wa dunia, kwa king'amuzi, na kila Jumapili nilibaki na njaa. Bendera ikishapungwa tu wanarudi kwenye mpira, hata washindi kupanda jukwaani hatuwaoni. Mwaka 2025 tukachanga watu sita, tukalipia huduma rasmi ya mashindano yenyewe, ile ya kutazama kwa intaneti msimu mzima. Naandika haya kwa aliyeko Unguja au Pemba anayejiuliza kama pesa yake itakwenda bure.

Kulipa ndiko kulikonisumbua. Kadi yangu ya benki ilikataliwa mara mbili, mpaka nikasaidiwa na mtoto wa ami yangu anayefanya kazi hotelini Nungwi. Baada ya hapo nikaunga simu na televisheni ya gerejini, mambo yakaenda.

Mimi ni fundi wa pikipiki. King'amuzi kilikuwa kinanionyesha waendeshaji, huduma hii imenionyesha viwanda. Kuanzia mazoezi ya Ijumaa unaona kila kitu: nani kaja na fremu mpya, nani anajaribu mkono mwengine wa nyuma, ule unaoshika gurudumu, fundi gani anatikisa kichwa. Unaweza kuchagua kamera iliyofungwa juu ya pikipiki ukakaa na mtu mmoja mbio nzima, ukasikia anavyopunguza gia. Kwa kazi yangu, hilo peke yake lilitosha.

Na viwanda hivi si vya mbali kama tunavyodhani. Ami yangu amepanda vespa tangu sijazaliwa na hakuwa na habari na mbio hizi. Siku moja nikamwambia, "Ami, hawa Piaggio wanaotengeneza vespa yako ndio wenye Aprilia hii ya mbio, tangu 2004." Akavuta kiti. Kuanzia siku hiyo Aprilia ni ya kwake. Vijana wa boda wanaokuja kubadilisha oili ya Boxer zao walikuwa wanampenda Brad Binder, muendeshaji wa kiwanda cha KTM cha Austria, kwa kuwa ni Mwafrika, ametoka Afrika Kusini, na ndiye aliyeipa KTM ushindi wake wa kwanza daraja la juu, Brno, Jamhuri ya Czech, 2020. Mwisho wa 2024 KTM ikazama katika madeni, tukadhani msimu hawatauona. Waliotoa fedha za kuiokoa ni Bajaj wa India, hao hao wa Boxer. Basi vijana wakaona na wao wana mkono wao katika kiwanda kile, na mimi nasema wanao. Kila Boxer iliyouzwa visiwani humu ni shilingi iliyoingia huko.

Wa Yamaha ni mvuvi, jirani yangu, mashine yake ya boti ni Yamaha na hataki kusikia nyengine. Nitaisimulia Silverstone, mbio za Uingereza, kwa ajili yake. Ilikuwa Mei 2025, saa tisa alasiri kwa saa zetu. Yamaha hawakuwa wameshinda tangu Juni 2022. Mbio zilisimamishwa, zikaanzwa upya, na Fabio Quartararo wa Yamaha akachomoka akawaacha wenzake kwa sekunde kadhaa. Gereji nzima ilikuwa kimya. Kisha kile kifaa cha kushusha nyuma ya pikipiki kikagoma kurudi juu, na Quartararo akalazimika kuegesha pembeni, machozi yanamtoka. Aliyeshinda ni Marco Bezzecchi wa Aprilia. Ami alikuwa na furaha yake lakini hakushangilia. Alimshika yule mvuvi bega tu. Kwa king'amuzi tungeona kuanguka kwa matumaini yale na kupita. Hapa tulirudisha nyuma, tukaitazama tena kwa kamera ya pikipiki yenyewe, nikamwonyesha jirani yangu hasa wapi nyuma ilikwama. Vifaa vile vitapigwa marufuku kuanzia 2027, na kwa maoni yangu wamechelewa.

Jambo jengine nililolielewa kwa sababu ya huduma hii ni ruhusa za ziada wanazopewa viwanda vilivyobaki nyuma. Viwanda vimegawanywa makundi manne kwa pointi walizokusanya. Anayezoa asilimia 85 au zaidi ya pointi zinazowezekana anawekwa kundi A, kama Ducati, anabanwa: tairi 170 tu za majaribio na hakuna kugusa injini msimu ukishaanza. Aliye chini ya asilimia 35 anapata tairi 260, anafanya majaribio na waendeshaji wake wa mbio, na injini anaitengeneza atakavyo. Kuna wanaosema hayo ni kumwadhibu anayejua kazi. Mimi nayaunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu nimeona kiwanda kinapokata tamaa. Suzuki walitwaa ubingwa 2020 na Joan Mir, na mwisho wa 2022 wakafunga virago. Katika hazina ya huduma hii zimo mbio za tangu 1992, nikairudia ile ya kuaga, Valencia, Hispania, ambayo Alex Rins aliishinda na pikipiki ya kiwanda kinachoondoka. Mashabiki wake waliachwa na fulana tu. Muendeshaji akihama unaweza kumfuata, kama wengi walivyomfuata Marc Marquez kutoka Honda hadi Ducati, ambako amechukua ubingwa wa 2025 pale Motegi, Japani. Kiwanda kikiondoka hakuna pa kukifuata.

Sasa kasoro. Hakuna Kiswahili, kwa hiyo kazi ya kufasiri ni yangu, na mara nyingine napitwa na jambo huku nawaeleza wenzangu. Bando linaliwa kwa kasi: ukitazama Ijumaa hadi Jumapili kwa picha safi, bando dogo halifiki Jumamosi jioni. Ninashusha ubora wa picha siku za mazoezi na kuupandisha siku ya mbio. Umeme ulipokatika tuliendelea kwa simu, vichwa sita juu ya kioo kimoja.

Na hili ni la waandaaji: mara ya mwisho mbio hizi kuja Afrika ilikuwa Welkom, Afrika Kusini, 2004. Sisi tunanunua Boxer, vespa na mashine za boti mwaka hadi mwaka. Tunastahili angalau mtangazaji mmoja wa lugha yetu.

Kama unatazama Jumapili tu, usilipie, tafuta jirani mwenye king'amuzi. Kama unataka kuona pikipiki inavyotengenezwa kutoka wiki hadi wiki, changeni. Yamaha wameacha injini ya pistoni nne za mstari mmoja, msimu wa 2026 wanaingia na ya pistoni zilizopangwa umbo la V. Mchango mpya ulipoanza, wa kwanza kutoa alikuwa yule mvuvi.