Filamu za printa ya wino kwa bodi za saketi: weusi ulionidanganya

Filamu hizi ni plastiki angavu ninazochapia mchoro wa saketi, ili weusi uzuie mwanga usifike kwenye bodi. Pakiti ya kwanza niliyonunua Kariakoo ilikuwa ya mashine za leza. Muuzaji alisema "plastiki ni plastiki tu, kaka," nami nikakubali kwa sababu bei ilikuwa nzuri. Wino ulijikusanya vitone vitone kama maji juu ya jani la mgomba, na kesho yake bado ulikuwa unapaka vidole. Roli za printa nilizifuta siku mbili.

Ninayoisifia hapa ni pakiti ya pili: filamu za A4 zilizopakwa utando wa kunyonya wino upande mmoja. Lowesha ncha ya kidole, gusa pembeni. Upande unaonata ndio unaochapwa. Ukingoni kuna ukanda mweupe wa kubandua, bila huo printa yangu hulalamika kwamba haina karatasi. Bei inauma, kwa hiyo hujaza saketi ndogo nne au tano kwenye filamu moja.

Mezani mchoro ulikuwa mweusi tii. Nikaulaza juu ya bodi yenye drai filimu, yaani utando wa bluu unaobandikwa juu ya shaba, nikakandamiza kwa kioo, nikaimulika dakika mbili kwa taa ya kukaushia kucha niliyoazima saluni kwa dada yangu. Kwenye maji ya sodiamu kaboneti, gramu 10 kwa lita, yanayoosha sehemu zisizopigwa mwanga, ile bluu ikagoma kutoka kati ya njia na njia, yaani ile mistari ya shaba ya kupitisha umeme. Nikasugua kwa mswaki mpaka njia zenyewe zikaanza kubanduka. Drai filimu huganda ikipigwa mwanga, kwa hiyo ikiganda palipotakiwa kuwa na giza, mwanga umepenya. Nilipoinua filamu dirishani nikaona weusi wenyewe ni kahawia, umetobokatoboka kama chandarua kuukuu.

Filamu haikuwa na kosa. Kwenye mpangilio nilichagua karatasi ya picha inayong'aa, nikidhani itamwagiwa wino mwingi zaidi. Kumbe printa yangu, yenye wino mweusi wa pigimenti (wa chembe laini za rangi), ikiambiwa ni karatasi ya picha huuacha huo mweusi na kuchanganya zile rangi nyingine tatu. Nikabadili kuwa karatasi isiyong'aa, ubora wa juu kabisa. Safari hii hata tochi ya simu haikupenya. Kabla ya hapo nilikuwa nabandika filamu mbili moja juu ya nyingine, kazi ya kuumiza macho, maana zikihama kidogo tu njia zinakonda.

Mchoro huuchapa umegeuzwa kama kwenye kioo ili wino wenyewe uguse bodi. Ukiweka wino juu, mwanga hujipenyeza pembeni kupitia unene wa plastiki na kula kingo. Muda wa taa niliupata kwa kipande cha bodi na kadibodi, nikiisogeza kila baada ya sekunde 20.

Malalamiko? Kwa unyevu wa Dar naiacha ikauke usiku kucha, na ikiachwa wazi inajikunja. Alama ya kidole haifutiki. Lakini miguu ya chipu ya ATmega328P ile bapa, iliyopangwa kila milimita 0.8, imetoka safi kwa filamu moja. Njia za milimita 0.15 bado zinanikatikia.

Zimebaki filamu tatu, na taa ya kucha inatakiwa saluni Ijumaa asubuhi.