Semina ya maamuzi ya biashara, Mtwara: asubuhi hewa, mchana dhahabu

Nililipa 40,000 kwa semina ya siku moja maeneo ya Shangani. Mimi nabangua korosho na kuuza, tuko kinamama sita, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda.

Asubuhi ilipotea bure. Makabrasha ya Kiingereza kitupu, umeme ukakatika, mwezeshaji akang'ang'ania Kodak, ile kampuni ya Marekani ya kamera na filamu. Kwamba mhandisi wao aliunda kamera ya dijitali 1975 na wakubwa wasiichangamkie, ni kweli, lakini saa nzima? Jirani yangu alikoroma. Chai, andazi moja. Moja!

Baada ya chakula ndipo nikakaa sawa. Zoezi la Gary Klein, mwanasaikolojia wa Marekani, alilolieleza mwaka 2007: jifanye mwaka umepita na biashara imeshakufa, kisha kila mtu aandike imekufaje. Usiulize "mnaonaje mpango wangu?", maana mbele ya bosi watasema mzuri tu.

Jumatatu nikawapa wenzangu karatasi. Nilikuwa nimeshaweka akiba ya mashine ya pili ya kubangulia. Bi mmoja, miaka miwili hajawahi kunipinga, akaandika: "Dada, tulikufa mwezi wa sita. Mashine mbili, korosho ghafi hakuna." Nikacheka, kisha nikanyamaza. Msimu ukiisha, mzigo huwa tunaugombania kwa bei ya kuumiza.

Hela ya mashine sasa inasubiri Oktoba, tununue ghafi ya kutosha.

Nyota tatu. Ukienda, fika saa nane mchana, na ule kwako kwanza.