Shabu ya sokoni kwa haidrenjia: uzoefu wangu

Kama unataka haidrenjia ya kwenye chungu itoe maua ya buluu, shabu ileile ya kusafishia maji inafanya kazi vizuri. Naipa nyota nne kati ya tano. Moja naikata kwa sababu ukizidisha kipimo inaunguza mizizi.

Kinachotia buluu ni alumini iliyomo kwenye shabu. Udongo ukiwa na tindikali, yaani pH (kipimo cha tindikali; ikishuka, tindikali imezidi) chini ya 5.5, mmea huifyonza. pH ikipita 6.5 alumini hunaswa udongoni na ua hubaki la waridi. Kwenye udongo wa mashamba ya chai, kama Limuru au Mufindi, ambao tayari una tindikali, huna haja ya kununua chochote. Shabu inasaidia kwenye vyungu, na kando ya ukuta wa saruji unaoachia chokaa. Haidrenjia nyeupe haibadiliki, usihangaike nayo.

Itwange iwe unga, koroga kijiko kimoja cha chakula katika lita 4 za maji ya uvuguvugu hadi iyeyuke yote. Kwa miche midogo mimi natumia nusu yake. Lowesha udongo kwanza kwa maji matupu, ndipo umwagie kuzunguka shina bila kugusa majani. Mara moja kwa mwezi inatosha, na anza kabla ya matumba. Ua lililokwisha kuchanua ndiyo basi. Likitoka la zambarau, alumini imeanza kuingia. Kingo za majani zikiwa kahawia, acha shabu, mwagilia maji mengi hadi yachuruzike chini ya chungu.

Wanaosema haifanyi kazi, mara nyingi wanaweka mbolea ya DAP au majivu ya jikoni. Fosforasi ya DAP huikamata alumini, na majivu hupunguza tindikali.

Unga huohuo unafaa kwa maua ya kukata: kata asubuhi, chovya ncha ya bua sentimita 1 hivi, kisha tia kwenye maji. Ua lililonyong'onyea lizamishe kichwa kizima kwenye maji baridi nusu saa, litasimama.

Sasa, tafadhali sana: majani na matumba ya haidrenjia yakitafunwa hutoa sumu ya sayanaidi. Matawi uliyopogoa usiwatupie mbuzi. Mbwa na paka hutapika na kuharisha. Usipambie keki wala sahani za chakula, na vaa glavu, maana wengine huwashwa ngozi. Wajapani wana chai iitwayo amacha, ila hiyo hutoka kwa haidrenjia ya aina nyingine na majani yake huvundikwa na kukaushwa kwanza. Ya bustanini usiichemshe.