Kozi ya droni ya kupulizia dawa: kurusha utajua, dozi utajifunzia wapi?

Ukinunua droni ya shambani ya DJI Agras T40 nchini Kenya, mara nyingi muuzaji hukutilia mafunzo ya siku chache ndani ya bei ileile. Kozi tunayoipima hapa ni ya aina hiyo: siku tano, katika mashamba ya ngano ya Bonde la Ufa, na darasa lililojaa vijana wanaotaka kupulizia kwa malipo. Jina la muuzaji tunaliacha, maana kasoro zake si zake peke yake.

Upande wa kurusha hauna lawama. T40 ikiwa na betri ina uzito wa kilo 50 kabla hujatia tone la maji, na ina mikono minne yenye propela mbili kila mmoja. Kwa hiyo ukaguzi si jambo la kupitiwa juujuu. Hakuna aliyeshika rimoti kabla ya kukaza kufuli za mikono, kutikisa kila propela kutafuta ufa, na kuhakikisha watu wote wamesogea mita 15 au zaidi. Rimoti huwashwa kwanza, droni baadaye. Wakati wa kuzima ni kinyume chake. Halafu mwanafunzi huzunguka shamba lote kwa miguu na kuweka alama kwenye ramani: nyaya za stima, waya za kushikilia nguzo, mikaratusi ya mpakani. Rada ya droni huuona mti, lakini waya mwembamba au tawi kavu linaweza kuipita. Mkufunzi alilirudia hili mpaka likaingia vichwani, na alifanya vyema.

Jambo la mwinuko lilipewa dakika chache tu, ilhali mashamba mengi ya ngano yako juu. Pande za Eldoret, takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko Mombasa. Propela hupata kidogo cha kushika, mota hufanya kazi zaidi, na betri hupata joto haraka. Tangi la lita 40 si la kujazwa pomoni huko. Fuata uzito ambao programu ya rimoti inapendekeza, na hata mwenye shamba akikuhimiza umalize kabla ya mvua, usiongeze.

Sasa dozi. Hapa ndipo kozi inapoanguka, na ndipo mteja atakapokudai pesa zake. Wanafunzi walifundishwa kupuliza kwa maji matupu siku zote tano. Chukua mfano: lebo inasema mililita 50 kwa pampu ya mgongoni ya lita 20, na mkulima amezoea kumaliza pampu nne kwa ekari. Hiyo ni mililita 200 za dawa kwa ekari. Droni ikiwekwa kutoa lita 8 kwa ekari, tangi la lita 40 linafunika ekari tano, kwa hiyo linahitaji lita nzima ya dawa. Mwanafunzi asiyeelezwa hesabu atasema lita 40 ni pampu mbili, atie mililita 100. Shamba litapata moja ya kumi ya dozi, na wadudu wataendelea kula. Kinachobaki palepale ni dawa kwa ekari; maji ndiyo yanayopungua. Na kama lebo inaweka kiwango cha chini cha maji, au haikubali kupulizia kutoka angani, usipulizie.

Mchanganyiko mzito hivyo una tabia zake. Jaza nusu ya maji, kisha tia dawa za unga na chembe zilizokorogwa kwanza kwenye ndoo, zifuate za majimaji mazito, halafu za mafuta, mwisho zinazoyeyuka kabisa. Kabla ya yote, changanya kiasi kidogo kwa uwiano uleule ndani ya chupa angavu na usubiri nusu saa. Ikiganda au ikitengana chupani, itafanya hivyo kwenye kichujio pia, na utakuwa umesimama katikati ya shamba ukifungua mabomba kwa glavu.

Mtiririko nao ni hesabu tu. Kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde na upana wa kupulizia wa mita 7, droni inapita mita mraba 2,100 kwa dakika, zaidi kidogo ya nusu ekari. Kwa lita 8 kwa ekari inapaswa kutoa takriban lita 4.2 kwa dakika. Matangazo yanasema upana wa mita 11. Usiyaamini kabla ya kutandaza vikaratasi vya njano vinavyogeuka buluu vikiguswa na maji, ukivipanga kukatiza njia ya droni. Kwa dawa nyingi za wadudu, matone 20 hadi 30 kwa sentimita mraba yanatosha. Dawa ya ukungu ya kugusa inataka 50 hadi 70. Kozi haikuwa na hata kikaratasi kimoja, na bei ya vikaratasi hivyo si kitu ukilinganisha na droni.

Kuhusu upepo walisema kweli nusu: usirushe ukizidi mita 6 kwa sekunde. Hicho ni kikomo cha kuruka. Kwa kupulizia, hasa kiuagugu karibu na maharagwe ya jirani, mita 3 kwa sekunde tayari ni ya kufikiria mara mbili, na matone yawe makubwa, karibu na mikroni 300 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) ambazo nozeli za T40 zinafikia. Alfajiri tulivu kabisa nayo ina hila, kwa kuwa hewa baridi ya chini huyashika matone madogo yakaelea hadi shamba la mbali.

Somo la betri lilikuwa zuri: ipoe kabla ya kuchajiwa, na ikikaa wiki kadhaa bila kazi ihifadhiwe ikiwa na chaji kati ya asilimia 40 na 60. Iliyovimba haipandi tena hewani.

Kabla ya kulipa, omba kuona siku ya dawa halisi kwenye ratiba, pamoja na kusuuza tangi mara tatu na mahali maji hayo yatakapomwagwa. Uliza pia kama chuo kimeidhinishwa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya. Cheti cha muuzaji si leseni ya rubani wa droni, na kampuni inayopulizia kwa malipo inahitaji kibali chake chenyewe cha uendeshaji.